Bendera ya Shemeji

Muuza duka wa mtaani alikuwa na msemo wake: ukitaka kujua kama mzani wako una kasoro, mwuzie Tutaona. Jamaa huyo hakununua kilo ya sukari kama watu wengine. Alikagua mzani ukiwa mtupu, akaukagua ukiwa na sukari, kisha akamwomba muuzaji aweke mikono yote miwili mahali inapoonekana.

"Mzee, kwani kidole changu kina uzito gani?" muuza duka alimuuliza siku moja.

"Ndicho ninachotaka kujua," alijibu Tutaona, bila kucheka.

Jina lake halisi lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho. Kazini, ambako alitengeneza mabehewa ya mizigo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, kila mtu alimwita Tutaona, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ahadi. Mvua itanyesha leo? Tutaona. Mshahara unaingia kesho? Tutaona. Mkewe alipomwambia kwamba ana mimba yao ya kwanza, inasemekana alijibu vivyo hivyo, na jioni ile alilala na chai kavu.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mdogo, baba yake mdogo aliuza shamba la familia kimyakimya huku akiendelea kula nao sahani moja na kusifia mboga. Baada ya hapo mama yake alikuwa na wimbo mmoja tu nyumbani: kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto akilelewa na wimbo huo, hata ukimpa zawadi huigeuza kwanza aone chini kuna nini.

Kitu kimoja tu duniani Tutaona alikiamini bila kukigeuza, nacho kilikuwa kitambaa cha buluu kwenye fimbo ya chuma.

Pale yadi, mahali mabehewa yalipopangwa na kutengenezwa, fundi hakuingia chini ya behewa kabla ya kuchomeka bendera yake kwenye kokoto, upande ambako injini ingeweza kutokea. Kila fundi alikuwa na yake. Ya Tutaona ilikuwa na kiraka cha suruali kuukuu. Ya shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, ilikuwa imeungua pembe moja kwa pasi. Bendera ikisimama, hakuna injini iliyogusa mstari ule. Na aliyeichomeka ndiye aliyeichomoa, peke yake, hata aje nani na hasira gani. Kuita hakukutosha, maana mtu anayegonga chuma kwa nyundo hasikii. Kuchungulia pia hakukutosha, maana mtu aliyejibanza juu ya vyuma vya breki haonekani mpaka uingie alipo. Mafundi walilala chini ya tani zote zile wakipiga mluzi, kwa sababu ya kitambaa tu.

Shemeji ndiye aliyemfundisha hayo. Alikuwa amemtangulia kazini kidogo, na Tutaona alimwoa dada yake baada ya kumchunguza kwa muda ambao ukoo mzima uliona ni matusi. Miaka ya nyundo ilikuwa imemla shemeji masikio. Ukimsalimia kwa nyuma, unasalimia mgongo.

Kisha akaletwa msimamizi mpya, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na neno moja mdomoni: fasta. Behewa hili fasta, grisi pale fasta. Wakambatiza Fasta hapo hapo. Wengi walimpenda, maana alikuwa mchangamfu na alishika majina ya watoto wa watu. Asubuhi moja alimuuliza Tutaona hali ya binti yake wa mwisho, akamtaja na darasa analosoma.

"Amejuaje?" Tutaona alimwambia mkewe usiku ule.

"Si ulimwambia mwenyewe?"

"Ndiyo. Lakini kwa nini amekumbuka?"

Mkewe alimtazama, akazima taa.

Siku ya mkasa wenyewe jua lilikuwa kali na mabehewa ya saruji yalikuwa yamesimama kwenye mstari wa katikati, tayari kuvutwa. Mwenye mzigo alikuwa amepiga simu asubuhi nzima. Mbele ya mabehewa hayo ilisimama bendera iliyoungua pembe. Tutaona alikuwa mstari wa pili, amekaa juu ya taruma, gogo la kulazia reli, anapoza chai, alipomwona Fasta akija na Kibonge, yule mnene anayeelekeza injini kwa ishara za mikono.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema Fasta. "Naomba uondoe ile bendera."

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo. Nimemwona kwa macho yangu akitoka kupitia lile tundu la uzio, tangu asubuhi."

"Umemwona akitoka," alisema Tutaona. "Je, ulikaa hapo kuona kama hajarudi?"

Fasta alipumua kwa pua. "Nimeita. Nimechungulia mstari wote. Hakuna mtu kule chini. Wewe ni shemeji yake, ni sawa na yeye mwenyewe. Iondoe, tuvute mabehewa. Fasta tu, mzee wangu."

Tutaona alimtazama Fasta, kisha Kibonge. Kwa nini mimi? Kibonge huyu hapa, mikono miwili mizima, mbona hakuambiwa yeye? Na kwa nini mbele ya shahidi? Nikiichomoa, nimevunja sheria ya bendera, nafukuzwa. Nisipoichomoa, nimekaidi amri ya mkubwa, nafukuzwa vilevile. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, akajiambia, na mimi naona wazi nimeshaingizwa.

Aliweka kikombe chini. Alikwenda mpaka kwenye mabehewa, akainama, akatazama. Aliona magurudumu, vivuli na grisi iliyodondoka. Aligonga chuma kwa spana. Kimya. Lakini kimya cha shemeji hakikuwa jibu, maana hata ukimgongea mlango huwa ni vivyo hivyo.

"Siitoi," alisema.

"Hii ni amri, mzee. Si ombi tena."

"Nimesikia. Siitoi. Na asiitoe mtu."

Alisimama pale, mkono juu ya fimbo ya bendera, jua likimchoma utosi. Fasta alimwamuru Kibonge aiondoe, na Kibonge akagundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imelegea. Injini ilikuwa inanguruma mbali kidogo, dereva ametoa kichwa dirishani, mafundi wengine wameacha kazi kutazama. Jua lilipita utosini. Mwenye mzigo alipiga simu tena na tena. Tutaona hakusogea, na rohoni alikuwa na fahari kidogo, mimi sitawaficha. Aliona kwamba amelinda roho ya mtu.

Ndipo shemeji alipotokea. Hakutokea chini ya behewa. Alitokea kwenye tundu la uzio, amevaa shati safi lililopigwa pasi, mkononi ana mfuko wa plastiki, anakuja taratibu kama mtu anayetoka harusini. Hakusikia injini wala kelele. Alipoinua macho aliwaona watu wote wa yadi wamemkodolea macho, na shemeji yake ameshikilia bendera yake kama nguzo ya nyumba.

Kibonge alicheka mpaka akakaa chini. Wengine wakafuata. Fasta peke yake hakucheka. Alimkaribia Tutaona na kusema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, "Umeona?"

Shemeji aliichomoa bendera yake na kuikunja kwapani. Tutaona alimfuata mpaka kwenye bomba la maji.

"Shemeji, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani ya kuacha bendera imesimama? Uliniacha nipigwe jua nikilinda hewa?"

"Nisamehe, shemeji," alisema yule, macho yakiwa kwenye ndoo. "Bendera ikiwa pale, kila mtu anajua niko kazini. Sikudhani kuna atakayeigusa." Kisha akajifanya hasikii, na kwa kujifanya hivyo hakuna aliyemshinda.

Wote wawili waliambiwa wakae nyumbani mpaka kikao cha nidhamu. Kosa la shemeji lilikuwa kutoroka kazi. La Tutaona lilikuwa kukaidi amri halali ya msimamizi, na kila mtu alijua kwamba kosa hilo humtoa mtu kazini.

Kumkalisha mtu kama yule nyumbani mchana kutwa ni kuwaadhibu walio nyumbani. Alihamisha kiti mpaka mlangoni na kuanza kutazama. Aliona jirani anayemwagilia maua yaliyokufa zamani. Aliona muuza maziwa anayekaa mlango wa tatu muda mrefu kuliko inavyohitajika. Lakini zaidi aliwaza kuhusu shemeji. Mtu mzima, shati la pasi, mfuko wa plastiki. Mwanamke? Mke wake angemla mzima. Kazi sehemu nyingine? Au ndiyo hivi: yeye na Fasta wamepanga pamoja, shemeji aache bendera, Fasta atoe amri, mjinga aingie? Alichukia wazo lile, lakini halikuondoka.

Kisha akaona viatu vya mkewe.

Vilikuwa vile vizuri, vya kwenda mahali penye watu, vimesukumwa chini ya kitanda, na nyayo zake zilikuwa na vumbi jekundu. Mkewe alisema siku ile ya mkasa hakutoka. Tutaona aliviinua, akavinusa, akavirudisha kama vilivyokuwa. Kuanzia hapo alimchunguza mama watoto wake. Alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa akishika kifua upande wa kushoto, chini kidogo ya kwapa, kisha akigundua anatazamwa anajifanya anatafuta pini. Kaka yake alipokuja kumsalimia waliongea uani, na shemeji, ambaye hapo ndani ulilazimika kumpigia kelele ili akusikie, kule uani alielewa minong'ono yote kwa kumtazama dada yake mdomoni.

Alivumilia mpaka kikao kilipobaki siku moja. Jioni, watoto wakiwa nje, aliviweka viatu vile juu ya meza.

"Mlikwenda wapi, wewe na kaka yako?"

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alimaliza kukunja shuka lililokuwa mkononi, akalilaza, akaketi.

"Hospitali," alisema. "Nina uvimbe hapa. Walikuwa wanatoa majibu siku ile, na walitaka nije na ndugu. Nikamwomba kaka."

"Ndugu! Mimi ni nani humu ndani?"

"Wewe ni mume wangu. Wewe pia ndiye uliyempeleka mama yangu kwa daktari, ukamwambia daktari ameze kidonge yeye kwanza." Alilisogeza shuka pembeni. "Wakatutoa nje. Mama akarudi nyumbani bila dawa. Mimi naogopa, baba watoto. Nilikuwa sina nguvu ya kuogopa na kujibu maswali yako kwa wakati mmoja."

Tutaona alivitazama viatu. Aliona aibu kwa kuvinusa.

"Wamesemaje?"

"Wanipasue, wautoe. Wamesema umewahiwa. Ningeendelea kuficha ingekuwa habari nyingine." Alijaribu kutabasamu. "Ni Jumatatu ya wiki ijayo, asubuhi. Utakuwepo?"

Neno lile la siku zote lilimfika mdomoni lenyewe. Alilimeza.

"Nitakuwepo," alisema.

Mkewe alimtazama usoni, akitafuta palipo na mzaha. Hakupaona, akalia.

Kesho yake kikao kilikaa kwenye chumba chenye feni mbovu. Mkuu wa kituo alikuwa katikati, Fasta upande mmoja, mwakilishi wa wafanyakazi upande mwingine akijifuta jasho. Shemeji alianza. Alikubali kosa, akaulizwa alikwenda wapi, akasema ni mambo ya nyumbani. Hakumtaja dada yake, na Tutaona, aliyekuwa amesimama nyuma na kumshuku siku zote zile, alishindwa kumtazama. Shemeji alifukuzwa kazi kabla chai haijaletwa.

Ikafika zamu yake.

"Msimamizi alikwambia hakuna mtu chini ya mabehewa," alisema mkuu. "Ulichungulia mwenyewe. Uliamini kwamba kuna mtu?"

"Hapana, mkuu. Wala sikuamini kwamba hakuna."

Mwakilishi wa wafanyakazi alifumba macho kama mtu anayeumwa jino.

"Hukumwamini msimamizi wako. Hukuyaamini macho yako. Sasa ulimwamini nani?"

"Bendera, mkuu."

Mkuu aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mkali, na alilisema neno lake kwa upole. "Na bendera ilikudanganya."

Tutaona alifungua mdomo. Alijua jibu lipo mahali fulani, kwamba bendera haina kosa, kwamba hata ikidanganya mara moja lazima iaminiwe siku zote, ama sivyo haifai kitu. Lakini alijua pia kwa nini ilidanganya. Ilidanganya kwa sababu ndani ya nyumba yake mtu aliogopa kumwambia ukweli. Akaufunga mdomo.

Fasta, na hili lilimshangaza kuliko yote, alimwombea. Alisema mzee huyu ni fundi mzuri, asifukuzwe, aonywe tu. Tutaona alimtazama kwa jicho la pembeni akitafuta kitu kilichofichwa nyuma ya maneno yale. Hakukiona, na hilo nalo likampa wasiwasi. Akapewa onyo la mwisho: amri nyingine moja akikaidi, ndiyo kwaheri.

"Na kuanzia leo," mkuu alisema, "bendera peke yake haitoshi. Msimamizi akikuta bendera imesimama, ataita kwanza. Aliye chini ataitikia. Asipoitikia mtu baada ya kuitwa mara mbili, msimamizi ataichomoa, na kazi iendelee."

Hakuna aliyepinga. Tutaona aliwaza mara moja juu ya shemeji, mwenye masikio yale, na akakumbuka kwamba shemeji hayupo tena, na kwamba labda kwa mara ya kwanza kufukuzwa kazi kumemwokoa mtu.

Alirudi kazini Ijumaa. Alichomeka bendera yake yenye kiraka kwenye kokoto, akaikandamiza kwa kisigino kama alivyozoea, akaingia chini na spana yake. Kulikuwa na ubaridi mzuri kule chini na harufu ya chuma na mafuta. Alitafuta mluzi wake wa siku zote, usije. Akaanza kulegeza nati.

Baadaye alisikia kokoto zikilia. Hatua za watu wawili, moja nzito. Zilifika usawa wa bendera, na badala ya kupita, zikasimama.

"Tutaona," iliita sauti ya Kibonge. "Upo?"

Hakujibu. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo akiwa chini ya behewa. Bendera ndiyo iliyojibu. Akiitikia leo, kesho ataitikia tena, na keshokutwa atakuja fundi mwingine ambaye nyundo zimeshamla masikio, au amepatwa na kizunguzungu, au ana misumari mdomoni, na ataitwa mara mbili. Alishika spana kwa mikono yote miwili na kunyamaza. Acha waione bendera. Si ipo pale?

"Tutaona. Upo?"

Hiyo ilikuwa ya pili. Alisikia mtu akipumua kwa pua, kama Fasta anavyopumua. Kisha akasikia chuma kikisugua kokoto, sauti ndogo sana. Fimbo ya bendera ilikuwa imeshikwa.

Mbali kidogo injini ilinguruma. Akaiona Jumatatu, mlango wa hospitali, viatu vile vizuri, na mkewe akigeuka kutazama nyuma.

"Nipo," alisema.

"Sawa, mzee wangu," sauti ya Fasta ilijibu kwa uchangamfu. "Endelea na kazi."

Hatua zikaondoka kuelekea mstari wa pili. Tutaona alibaki amelala chali, amekasirika na kufedheheka. Alirudisha spana kwenye nati. Lakini hakuizungusha. Akaiweka chini, akajiburuta kwa kiwiko mpaka penye gurudumu, akatoa kichwa nje juani, akachungulia kuona kama bendera yake bado imesimama.